Emsii Wangila Achagua Kubaki Macho

Kuna wanandoa wengi Bungoma ambao hawakumbuki walikula nini siku ya harusi yao, lakini wanakumbuka Wangila alisema nini. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyeshika maikrofoni na kuongoza sherehe, kuanzia Kanduyi hadi Lwakhakha kule mpakani, na watu walimwita Emsii mpaka jina lake la kanisani likasahaulika. Alikuwa na kipaji cha kumtambulisha shangazi wa bwana harusi asiyependwa na mtu, akamsifu kwa jambo moja dogo la kweli aliloliona jikoni asubuhi ile, na umati ukajikuta unampigia makofi mama wa watu huku machozi yakimlengalenga. Alijua kumnyamazisha mlevi bila kumwaibisha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja pombe, maana alilelewa katika kanisa la Friends, na alipenda kusema kwamba ulimi wake ulizaliwa tayari umelewa.

Siku za kawaida alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa Kanduyi, kando ya barabara, kimejaa nyaya na matumbo ya redio za watu. Spika za sherehe zilikuwa zake, masanduku mawili ya mbao aliyoyaunda mwenyewe, mazito ajabu, na hakukubali mtu mwingine ayaguse. Aliyabeba begani, akayapandisha kwenye pikapu, akayashusha, miaka nenda miaka rudi. Huko ndiko alikoipata ngiri, ule uvimbe wa kinena ambao wengi huuita hania. Ulipotokeza mara ya kwanza aliusukuma ndani kwa vidole viwili, akaendelea na harusi ya watu.

Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza peke yake. Kilicheza akiwa ametulia, kikaacha akishika bisibisi, na kwa muda yeye na mkewe Wilkista walikifanyia mzaha, wakisema kinahesabu pesa ambazo hazijaja. Baadaye mkono mzima ukafuata. Kwenye harusi moja maikrofoni ilimgongagonga kidevuni, na mgeni mmoja akamnong'oneza jirani yake kwamba hatimaye mzee ameanza kunywa. Wangila alilisikia hilo, na lilimuuma.

Lakini kilichomvunja moyo hasa ni sauti. Yeye alijisikia vizuri tu, sauti yake ileile ya siku zote. Watu wengine ndio waliobadilika: Wilkista alianza kumuuliza, "Ati nini?" jikoni, wateja wakawa wanainama juu ya kaunta wakitega sikio. Alidhani mji mzima umepata uziwi. Siku moja, katika sherehe kubwa pale Kanduyi, vijana wa viti vya nyuma walianza kupiga kelele za "Sauti! Sauti!" Wangila akaongeza sauti ya mashine. Wakapiga tena kelele. Akapiga magoti kukagua nyaya zake moja baada ya nyingine, na alipokuwa pale chini, amezishika, zote zikiwa nzima, ndipo alipoelewa kwamba kilichoharibika si mashine. Aliinuka, akampa mchungaji maikrofoni, akaketi. Hakuishika tena.

Daktari wa Bungoma ndiye aliyempa ugonjwa huo jina, Parkinson, akamweleza kwamba ni maradhi ya ubongo yanayokuja polepole, hayana uhusiano na pombe wala uchawi, na akampa vidonge vya kumeza kila siku kwa saa maalumu. Vidonge vilimsaidia. Mkono ulitulia kiasi, miguu iliyokuwa ikigoma mlangoni ikafunguka. Sauti haikurudi. Basi Emsii akawa mtu wa kuketi barazani. Wilkista, aliyekuwa akishona sare za shule sebuleni, aliwasha redio kutwa nzima ili nyumba isiwe na ukimya, na mumewe hakumwambia kwamba redio hiyo ilimfanya ajisikie amefukuzwa kazi.

Hapo ndipo ngiri nayo ilipoamua kukua. Ugonjwa ule ulimfunga choo, naye akawa anajikamua, na kila akijikamua uvimbe ulishuka zaidi. Wilkista alimkuta siku moja ameegemea ukuta wa bafu, uso umempauka, akijaribu kuusukuma ndani nao unakataa. Walirudi kwa daktari yuleyule. Alikuwa mtu mwema na alisema wazi: hii ikatwe mapema, isije ikajinyonga, utumbo ukabanwa humo ukakosa damu. Akaeleza kwamba mzee atapewa nusukaputi, alale usingizi mzito, mrija upitishwe kooni kumsaidia kupumua, na akiamka kila kitu kitakuwa kimeisha. Wangila aliitikia kwa kichwa kwa heshima mwanzo hadi mwisho, akamshukuru daktari, akamwuliza habari za watoto, na walipofika nyumbani akasema hatarudi huko hata kwa kubebwa.

Sababu aliyoitoa ilikuwa Mukhwana. Huyo alikuwa rafiki yake wa zamani, mwenye ugonjwa kama wake, aliyepasuliwa tumbo mwaka mmoja nyuma katika hospitali moja ya mbali. Vidonge vyake vilisimamishwa kwa siku kadhaa kwa sababu hakuweza kumeza, na alipozinduka alikuwa amekakamaa kama ubao, hajui yuko wapi, akimwita mkewe kwa jina la dada yake. Mukhwana alipona baadaye, na sasa alikuwa akifuga kuku na kulalamika bei ya chakula chao, lakini Wangila alikuwa amemwona katika zile wiki za katikati. Ile picha haikumtoka.

Wilkista alimbembeleza, akamnunia, akamletea wazee wa kanisa. Hakuna kilichosaidia. Ndipo binti yao wa kwanza, Nabwile, mwalimu wa shule ya msingi Kitale, alipotumia ujanja. Alipiga simu akisema yeye na mumewe Kipkemei wamemaliza nyumba yao, nayo haiwezi kukaliwa vizuri mpaka baba aje kuiombea. Wangila hakuwahi kukataa kuitwa kuongea mahali. Walienda.

Maombi yalifanyika, mafupi na ya sauti ndogo, na baba mtu alisifiwa. Wilkista, aliyeshika desturi za Kibukusu kwa mikono miwili, hakukubali kulala chini ya paa la mkwe wake, na hivyo alikaribishwa na Sellah, jirani wa kanisani aliyeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Asubuhi iliyofuata Kipkemei alimwomba mzee waende pamoja mjini kuangalia redio ya gari. Gari lilipoingia lango la hospitali, Wangila alimwangalia mkwe wake, kisha akageuka kumwangalia Nabwile aliyekuwa kiti cha nyuma na mama yake.

"Kwa hivyo redio ya gari ni mimi," alisema.

Kipkemei aliinamisha kichwa kwenye usukani, akijitayarisha kukemewa. Lakini mzee alikuwa ameshaona benchi refu nje ya kliniki, limejaa watu wa kila aina, na alikuwa hajaketi kati ya watu siku nyingi. Alishuka mwenyewe.

Daktari waliyemkuta aliitwa Jerop. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevaa sweta juu ya nguo za thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa sababu ya baridi ya Kitale, na kazi yake ilikuwa ni hiyo moja tu: kuwalaza wagonjwa wakati wa upasuaji na kuhakikisha wanaamka. Alijieleza kwa urahisi. Daktari wa upasuaji, alisema, ataangalia ngiri. Yeye ataangalia mwenye ngiri.

"Kabla ya mimi kusema chochote," akaongeza, "mzee niambie, ni kitu gani unaogopa?"

Wangila akamweleza habari za Mukhwana. Alieleza kwa sauti ile iliyobaki, na Wilkista, kwa mazoea, akafungua mdomo ili arudie maneno ya mumewe kwa nguvu. Hakuhitajika. Daktari Jerop alikuwa amesogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, na alikuwa anasikia kila kitu. Labda ni hilo lililomfanya Wangila aendelee mpaka kwenye sababu ya pili, ambayo hakuwa amemwambia mtu.

"Na hiyo mrija ya kooni," alisema. "Sauti yangu imebaki kidogo sana, daktari. Sitaki mtu aiguse."

Wilkista alimgeukia. Alikuwa amekaa naye miezi yote ile, akibishana naye kuhusu Mukhwana, na kumbe alikuwa akibishana na sababu isiyo yenyewe. Alinyoosha mkono akaushika ule wake uliokuwa ukitetemeka juu ya goti.

Daktari Jerop hakucheka wala hakumwambia asijali. Alisema kwamba ziko njia tatu, na kwamba kila moja ina uzuri wake na ubaya wake, na atazieleza zote kisha wachague pamoja. Ya kwanza ni ile ya kulazwa usingizi kabisa. Inawezekana, na kuna wagonjwa wa Parkinson ambao hawana njia nyingine, nao huvuka salama. Lakini mtu aliyelazwa hawezi kumeza vidonge vyake, na mwili wa mzee umezoea kupewa vidonge hivyo kwa wakati, ukikosa, unakakamaa. Tena koo lake lilikuwa limeanza kuchelewa kumeza, kwa hiyo mate yanaweza kuteleza kuelekea mapafuni. Na kuna hatari ya kuamka amechanganyikiwa kwa muda, kama rafiki yake. Ya pili ni kumchoma sindano za ganzi palepale kwenye kinena tu. Hiyo ingekuwa rahisi kuliko zote kama ngiri ingekuwa ndogo, ila ya mzee ilikuwa imeachwa ikashuka mbali, na ganzi ya juujuu ingeisha nguvu katikati ya kazi. Ya tatu ni sindano moja ya mgongoni. Kuanzia kitovuni kushuka chini hatahisi kitu, lakini kichwa kitabaki chake, koo litabaki lake, na kidonge cha asubuhi atakimeza kama kawaida.

"Na ubaya wake?" Wangila aliuliza. Alikuwa fundi, alijua hakuna kifaa kisicho na ubaya.

Daktari akaeleza. Presha inaweza kushuka ghafla, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa huu, na ndiyo maana yeye atakuwa kando yake muda wote na dawa ya kuipandisha mkononi. Mgongo wake umekuwa mgumu, itabidi wautafutie njia. Na atakuwa macho, asikie vyuma vikigongana na watu wakizungumza. Kuna watu hawawezi kuvumilia hilo.

Walitoka nje kwenda kufikiri. Nabwile alikuwa upande wa sindano ya mgongo. Kipkemei alisimama mbali kidogo na mama mkwe wake, kama heshima ilivyotaka, akakubaliana na kila mtu. Wilkista ndiye aliyepinga. Yeye alitaka mumewe alale fofofo asijue chochote.

"Ukiwa macho, Baba Nabwile, si utaongea mpaka daktari akose nafasi ya kukata," alisema.

Wangila akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti kilichomtingisha mabega. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amshtaki kwa kosa la kuongea sana. Alirudi ndani mwenyewe, kwa hatua zake fupifupi, akamwambia Daktari Jerop kwamba amechagua mgongo.

Siku ya upasuaji alipangwa awe wa kwanza, ili saa zake za vidonge zisivurugwe na kungoja. Alikuwa amefunga chakula, lakini Daktari Jerop alikuja wodini mwenyewe alfajiri kuhakikisha kidonge kimemezwa na funda la maji, na alisubiri hadi alipouona mkono umelegea ndipo akaagiza mzee aletwe. Wilkista alimsindikiza hadi mlango wa thieta. Alimrekebishia kofia ya kitambaa waliyomvika, akaivuta upande kama alivyozoea kumwekea kofia yake ya harusi, akageuka akaondoka haraka.

Ndani kulikuwa na baridi na mwanga mkali. Muuguzi aliyempokea aliitwa Gathoni, msichana mrefu mwenye mikono ya joto. Alimketisha ukingoni mwa meza, akampa mto aukumbatie, akamwambia ajikunje kama mtu anayechungulia ndani ya kisima. Mgongo wa Wangila haukutaka. Ulifika mahali ukagoma, kama ulivyokuwa ukigoma kila asubuhi alipotaka kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyemharakisha. Gathoni alimshika mabega, akamyumbisha taratibu mbele na nyuma, mbele na nyuma, akimhadithia mvua ya jana ilivyomnyeshea, na katikati ya hadithi hiyo mgongo ukalegea wenyewe. Wangila alihisi ubaridi wa spiriti, kisha kitu kama kuumwa na siafu, kisha joto likimteremka miguuni taratibu, mpaka miguu ikawa si yake tena. Ugonjwa ulikuwa umemzoesha miguu isiyotii. Hii angalau ilikuwa imetulia.

Walimlaza, wakaweka pazia kifuani pake ili asione kazi. Wakati huo mashine ya kuangalia moyo ikaanza kupiga kelele, mistari yake ikiruka juu chini kama iliyoingiwa na wazimu. Muuguzi mmoja alishtuka. Daktari Jerop aliangalia mashine, akaangalia mkono wa kulia wa mzee uliokuwa umeanza tena kucheza kwa woga, akaufunika kwa kiganja chake. Mistari ikatulia. Alipouachilia, ikaruka tena.

"Moyo uko sawa," alisema. "Ni mkono unajibu salamu." Akahamisha nyaya mahali pengine, na kelele ikaisha.

Kisha kazi ikaanza, na kwa kazi hiyo ukaja ukimya. Daktari wa upasuaji, Nderitu, alikuwa mtu asiyesema ila "mkasi" na "pamba". Wengine nao walinyamaza kwa sababu yeye amenyamaza. Wangila alilala akitazama dari. Hakuwa na maumivu. Alisikia kuvutwavutwa mahali fulani mbali, kama mtu anayevuta nguo kwenye kamba ya jirani. Kilichomkera kilikuwa kingine. Hapa palikuwa na watu sita au saba waliokusanyika kwa shughuli moja muhimu, wamevaa sare, wamejipanga vizuri, na hakuna aliyewatambulisha wageni. Katika maisha yake hakuwa amewahi kuhudhuria mkutano mbaya kama huo. Alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mabibi na mabwana," alisema, "karibuni. Mnaweza kuketi. Wale wenye wameshika kisu, tafadhali wabaki wamesimama."

Mikono ilisita upande wa pili wa pazia. Daktari Nderitu aliuliza ni nani anayeongea, na Gathoni akajibu kwamba ni mgonjwa.

"Anasema nini?"

"Anatukaribisha, daktari."

"Basi aendelee," Nderitu alisema.

Wangila akaendelea. Alieleza kwamba upande wa bwana harusi, yaani upande wa ngiri, wana Daktari Nderitu, ambaye yeye hajamwona uso kwa ajili ya pazia, lakini anamfahamu kuwa mtu mkimya, na fundi mkimya ndiye wa kuachiwa nyumba. Upande wa bibi harusi, yaani upande wa kichwa, wana Daktari Jerop, mwanamke wa kwanza kumwambia Wangila abaki macho aongee, na hapo aliomba makofi, na kwa kuwa mikono ya wengi ilikuwa na shughuli, walipiga miguu sakafuni. Alimwuliza Gathoni kama ameolewa. Gathoni akasema bado, lakini yuko na mtu, na wazazi wa mtu huyo wanakuja kwao kujitambulisha baada ya mavuno. Wangila akatangaza kwamba kumbe wana mgeni wa heshima katikati yao na hakuna aliyewaambia, na akamwomba asimulie walivyokutana. Gathoni akasimulia. Ilikuwa ni habari ya baiskeli iliyopasuka gurudumu karibu na Saboti, na mzee aliipamba kidogo hapa na pale, hadi Daktari Nderitu akalazimika kusimama na kuomba watu waache kumchekesha akiwa anashona.

Katikati ya hayo Wangila alitambua jambo. Mtu alikuwa amepunguza mlio wa mashine. Aliyekuwa akipanga vyuma alikuwa akiviweka chini kimoja kimoja, kwa upole, visigongane. Wote walikuwa wameinamisha vichwa kidogo upande wake. Chumba kizima kilikuwa kimejipunguza sauti ili kitoshane naye, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza "Ati nini?" Alinyamaza, na wakamngojea. Walidhani anatafuta neno.

Mara moja tu mambo yaliyumba. Katika kueleza tofauti ya wageni wa Lwakhakha na wageni wa Kitale, maneno yalimtoka yakiwa mazito, dari ikaanza kwenda mbali, na kichefuchefu kikampanda kifuani. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari Jerop alikuwa ameiona kabla yake. Dawa ilikuwa tayari inaingia kwenye mshipa, na sauti yake ilikuwa sikioni ikimwambia avute pumzi. Gathoni alipouliza kuhusu dawa ya kuzuia kutapika, daktari alimkumbusha walivyokubaliana asubuhi, kwamba ile ya kila siku haimfai mgonjwa wa Parkinson kwa sababu inapingana na vidonge vyake, na Gathoni akachukua ile nyingine iliyokuwa imeshatengwa. Muda mfupi baadaye dari ikarudi mahali pake.

"Samahani wageni," Wangila alisema. "Stima ilipotea kidogo."

Walipomtoa, Wilkista alikuwa mlangoni na Sellah, wote wawili wameshika chupa za chai kana kwamba wanangoja msafara. Alimwinamia akamwuliza kama anamjua yeye ni nani. Wangila alimjibu kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake na la ukoo, kama alivyolitangaza siku alipomwoa. Kisha akauliza kama saa ya kidonge imefika. Ilikuwa imefika. Alikimeza kwa chai.

Jioni hiyo aliketi kitandani akala ugali na mboga kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake alitembea hadi dirishani na kurudi. Daktari Jerop alipokuja kumwangalia, alivuta kiti kama siku ya kwanza, akamwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba sauti ya watu wenye ugonjwa huu huwa haijafa, huwa imesahau kipimo chake, na inaweza kufundishwa tena. Kazi yenyewe ni rahisi, ila inachosha. Kila siku, asubuhi na jioni, apige sauti kubwa na ndefu, kubwa kuliko anavyodhani inafaa, hata kama atajiona anapiga makelele.

"Nikijisikia napiga kelele?" aliuliza.

"Wengine watasikia unaongea kawaida."

Kidonda kilipopona, Kipkemei alimpeleka kwa mama yake huko Saboti apumzike, kwa kuwa huko kulikuwa na maziwa na hewa ya mlima. Mama huyo, Cherop, alikuwa mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kila asubuhi Wangila alisimama ukingoni mwa shamba la mahindi, akavuta pumzi, akatoa "aaaa" ndefu kadiri mapafu yalivyoruhusu. Siku ya kwanza ng'ombe waliacha kula. Siku ya pili waliendelea kula. Wiki ya pili, Cherop, aliyekuwa upande wa pili wa shamba akichuma mboga, aliitika kwa nguvu akidhani anaitwa, akaja mbio kuuliza kuna nini. Wangila alimshukuru sana. Akampigia Wilkista simu kumpa habari hiyo, na Wilkista alilazimika kuisogeza simu mbali kidogo na sikio.

Haikurudi yote. Hatasimama tena uwanjani mbele ya umati, na ugonjwa wenyewe haukwenda popote. Kuna siku miguu inagoma, kuna siku kijiko kinamwagika. Lakini baada ya mavuno Gathoni alimtafuta. Wageni wake walikuwa wanakuja, na wazazi wake, watu wenye haya, hawakujua ni nani angezungumza. Sherehe ilikuwa sebuleni, Kitale, watu kama ishirini, viti vya kuazima, hakuna spika. Wangila alivaa koti lake la zamani, akasimama kando ya kabati la vyombo, mkono wa kulia ameutia mfukoni uchezee huko, akaanza kwa kumtambulisha nyanya wa bwana harusi, aliyekuwa ameletwa akiwa amenuna tangu asubuhi. Alisema mambo mawili matatu juu yake, ya kweli. Nyanya akainua kichwa. Watu waliokuwa mlangoni wakasogea ndani, wa ndani wakasogeza viti mbele, bila mtu kuwaambia, hadi duara likawa dogo na yeye yuko katikati yake.

Baadaye, wakati wa kula, mama wa bwana harusi alimjia akamwomba awe emsii wa harusi yenyewe, kanisani na uwanjani. Wangila alimshukuru, akamwambia uwanja awaachie vijana wenye mapafu. Yeye siku hizi ni mtu wa sebule.

"Lakini sebule zikiwa nyingi," alisema, "niite zote."

Wilkista, aliyeketi karibu, sahani yake ya wali mapajani, alikuwa tayari ameanza kumweleza yule mama siku ambazo mumewe ana nafasi.